Najashi alitaka kuwasikia kwanza

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Tukitaja hijra, mawazo huenda Madina moja kwa moja. Wiki hii tuitazame ile iliyotangulia, ya Uhabeshi. Waislamu walipozidiwa na mateso ya Makka, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza kwa mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Maquraishi hata huko hawakuwaacha. Walimtuma Amr bin al-As na mwenzake wakiwa na zawadi za ngozi, na hao wakaanza kwa wakuu wa baraza, ili mfalme ashauriwe kuwarudisha watu wale kabla hawajafungua kinywa.

Najashi, mfalme huyo, alikataa. Hawatoi watu waliokimbilia kwake mpaka awaite awasikie. Ndipo Jaafar bin Abi Talib, mmoja wa wakimbizi wale, aliposimama akaeleza waliyotendewa, kisha akasoma mwanzo wa Surat Maryam. Mfalme yule, naye ni Mkristo, akalia hadi ndevu zikarowa, na zawadi zikarudishwa kwa wenyewe.

Kabla ya chakula na makazi, kitu cha kwanza walichopata wakimbizi wale ni zamu ya kusema. Nasi hapa Mombasa naona hapo ndipo tunapopungukiwa. Sadaka tunatoa, alhamdulillah. Lakini habari za mkimbizi tunazipokea kutoka kwa wanaomshuku, na yeye hatumwulizi.

Wazee wetu wanaikumbuka 1991. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka, majahazi na maboti yalishuka kutoka Mogadishu, Barawa na Kismayu yamejaa watu, na wengine waliishia baharini, Allah awarehemu. Kukawa na kambi Utange, Jomvu na kwengineko. Kati yao walikuwamo Wabarawa, ambao Chimwini chao, lahaja ya Kiswahili, mtu wa Mji wa Kale akitega sikio hukishika, na Wabajuni wenye jamaa zao mpaka Lamu. Muongo ule haujaisha, kambi za pwani zikafungwa. Kuna waliopelekwa Kakuma na Dadaab, kuna waliopokewa ng'ambo, na kuna waliobaki mitaani mwetu.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtambulia mkimbizi haki ya kufanya kazi. Hata hivyo wengi wanatakiwa kuishi kambini, kwa hivyo aliye mjini bila karatasi hutembea na hofu. Utamjua dukani: ananyoosha kidole kwenye unga, anataja kilo, analipa, basi, lafudhi isije ikamfichua. Mwenye nyumba akimpandishia kodi hasemi. Aliyemfulisha siku nzima akimpa nusu ya ujira hasemi pia, maana ataripoti wapi? Hii ni dhulma, ndugu zangu, na wanaoifanya tunasimama nao safu moja msikitini.

Linaloniuma zaidi ni kumwita kila Msomali mgeni Al-Shabaab. Maelfu walioingia Dadaab 2011 walikimbia ukame na wapiganaji hao hao. Angeulizwa, angesema.

Basi tuanzie karibu. Mama anayejifungua hospitalini ana haki ya kuandikiwa kuzaliwa kwa mwanawe, raia asiwe raia. Akiogopa kwenda ofisini, ajuaye Kisomali au Kifaransa cha Wakongo amfuate, amtafsirie, akae naye kwenye foleni. Kwenye kikao cha nyumba kumi, jina lake likitajwa kwa ubaya, mmoja wetu aseme aitwe naye ajieleze. Na mwenye zaka asimsahau: aya ya 60 ya Surat Tawba imewataja mafakiri na msafiri aliyekatikiwa na njia, na wako wanazuoni wa zama zetu wanaomwona mkimbizi humo. Anayetaka kuitoa kwa njia hiyo amwulize imamu wake Ijumaa hii baada ya swala, na kama jirani mwenyewe yu radhi, waende wote wawili wakamsikilize shida yake.