Fuwele pacha: madoa hafifu yameenda wapi?

Kitu kimoja kinaniumiza sana kwenye kazi ya fuwele za protini, mtu anafungua picha za ditekta, zile za mionzi ya eksirei iliyotawanywa na fuwele, anaona madoa safi ya duara yamejipanga vizuri mpaka angstromu 1.8 (yaani undani mzuri), basi anasema data iko poa twende mbele. Jamani, picha nzuri haikwambii kama fuwele ni pacha, yaani vipande viwili vilivyoota pamoja vikielekea pande tofauti, au siyo. Upo upacha unaojitangaza wenyewe, ule ambao latisi mbili, yaani mipangilio inayojirudia ya molekyuli, hazilaliani sawasawa, madoa yanapasuka mawili mawili na programu ya kuindeksi, ile inayoyapa madoa namba zake kwenye latisi, inagoma, huo sina wasiwasi nao sana. Wa kuogopa ni ule wa merohedrali, ambapo vipande vya fuwele vimeota pamoja huku kimoja kimegeuzwa, lakini latisi zao zinalaliana kabisa, kwa hiyo kila doa la kipande hiki linaangukia juu ya doa jingine la kile na wewe unapima mchanganyiko wao bila kujua.

Hebu tuchukue namba. Doa moja lina nguvu 10, pacha wake ana 900, na sehemu ya upacha, yaani alfa, kile kiasi cha fuwele kilichogeuzwa, ni 0.4. La kwanza utalisoma 0.6 × 10 + 0.4 × 900, unapata 366, na la pili utalisoma 544. Umeona? Lile doa hafifu limeshapotea, hata harufu yake haipo. Ndo maana mi swali langu la kwanza siku zote ni hilo, madoa hafifu yako wapi, manake fuwele ya kawaida inakuwa nayo mengi tu, ila kwenye pacha ili doa libaki hafifu inabidi yote mawili yawe hafifu kwa pamoja na hiyo ni nadra. Ukiangalia grafu ya N(z), inayoonyesha ni sehemu gani ya madoa ina nguvu chini ya kiwango z, badala ya kupanda haraka toka sifuri inaanza kivivu halafu inajikunja kama S.

Kwa namba, chukua wastani wa mraba wa nguvu ugawe kwa mraba wa wastani, kwa madoa yasiyo sentriki, yale ambayo simetria haibani awamu yake, unatakiwa kupata karibu 2.0, pacha kamili inashuka mpaka 1.5. Lakini hapa kuna mtego: kama molekyuli zako zimerudiwa kwa kusogezwa tu bila kuzungushwa, hiyo namba inapanda juu ya 2, sasa upacha unaishusha, usogezaji unaipandisha, mwisho unaona 2.0 safi kabisa na fuwele ni mgonjwa. Kwa hiyo mi naamini zaidi kipimo cha L cha Padilla na Yeates, cha 2003, kinacholinganisha madoa jirani ambayo yamechaguliwa ili huo usogezaji usivuruge hesabu, wastani wa |L| ni 0.5 kwa fuwele nzima na 0.375 kwa pacha kamili, na wala hakikudai ujue sheria ya upacha, yaani ule mgeuzo unaounganisha kipande kimoja na kingine. Ila tumia data iliyopimwa vizuri tu, zile za pembezoni zenye kelele nyingi zinaharibu jibu.

Kipimo cha H, kinacholinganisha doa na pacha wake, chenyewe kinakupa alfa, lakini kisikudanganye kikiwa peke yake. Ukiprosesi kwa P4 data ambayo kiukweli ni P422 (hayo ni majina ya makundi ya simetria, P422 ina simetria zaidi), H itakwambia alfa ni karibu 0.5, wakati hakuna pacha hapo, ni simetria tu umeikosa, na utajua kwa sababu L inabaki 0.5. Kinyume chake ukishaunganisha data ya P4 pacha kama P422, madoa pacha yameshafanywa wastani, H haina cha kulinganisha tena, hapo angalia kama protini yako inaingia kweli kwenye nafasi iliyopo, ukikuta maji hayana pa kukaa rudi nyuma. Bakteriorhodopsini ni mfano mzuri, fuwele zake za P63 zimesumbua watu sana kwa upacha. Na usidhani ni za P3, P4 na P6 tu, hata monokliniki yenye beta karibu na digrii 90 inaweza.

Kutenganisha kwa hesabu inawezekana, ila unagawa kwa 1 − 2 × alfa. Kwenye mfano wetu ile 366 ukiisoma 371 tu, jibu linatoka 25 badala ya 10, na alfa ikifika 0.5 unagawa kwa sifuri, imeisha. Mi naona bora kurifaini, yaani kunyoosha, modeli ya protini moja kwa moja dhidi ya data pacha, na tafadhali madoa pacha yawekwe upande mmoja, yote kwenye seti ya R-free, yale madoa yanayofichwa ili kupima modeli, au yote nje, la sivyo R-free yako inachungulia majibu. Na R, kipimo cha tofauti kati ya modeli na data, ikishuka ghafla baada ya kuwasha sheria ya upacha usisherehekee bado, R za data pacha huwa ziko chini zenyewe hata modeli ikiwa mbovu, kafungue ramani ya msongamano wa elektroni uangalie kama kuna kitu kipya kimetokea pale ambapo modeli haikuwepo.