Loka za ofisi ya kugombania meza: nilivyokataa vitasa vya Wi-Fi na vya vidole

Loka zetu, yaani vile vikabati vya ofisini vya kufungia mizigo, zinafanya kazi, nasema kwa kujidai kabisa, na mtu yeyote aliye Mikocheni akitaka kuja kuishika milango yake aje tu. Nimeamua kuandika kwa sababu ushauri niliopewa wakati natafuta ulikuwa wa kukera mno, na najua saa hizi kuna mwenzangu kwenye ofisi fulani hapa Dar anaambiwa maneno yaleyale.

Ofisi yetu ilipunguza meza. Watu wengi kuliko viti, ukifika asubuhi unakaa panapopatikana, jioni unaondoka na kila kilicho chako. Sasa begi la laptopu, hotpoti, helmeti ya aliyekuja na pikipiki, koti la mvua la Aprili, vyote hivyo vinakaa wapi mchana kutwa? Bosi akanikabidhi mimi, dada tafuta loka na vitasa vya kisasa, funguo sitaki kuziona. Na funguo kweli zilikuwa zimetuchosha, mtu anaenda nayo likizo Moshi anarudi mwezi ujao.

Muuzaji wa kwanza alinijia na kitasa cha Wi-Fi. Kizuri jamani, kinang'aa, unafungua kwa simu, unaona nani kafungua saa ngapi, anakuonyesha hapo hapo dukani Posta kinaitika tii unashangilia. Akataka tulipie loka zote kwa mkupuo tupate punguzo. Nikamwambia kaka, punguzo nimelisikia, niazime kimoja kwanza. Akakubali kwa shingo upande. Nikakifunga kwenye kabati kuukuu la mapokezi, ndani nikajaza pakiti za korosho za Mtwara, nikatangaza ofisi nzima kwamba kila atakayeweza kufungua mwenyewe bila kusaidiwa achukue pakiti moja. Nilitaka kuona watu wenyewe wanavyohangaika, siyo fundi wa muuzaji anavyoonyesha.

Siku ya kwanza vijana wa tehama wakala korosho zao vizuri. Wengine wote wakaanza visa. Huyu anatakiwa apakue programu bando limeisha, yule programu inataka ajisajili na imeili hakumbuki neno la siri, mama wa uhasibu anatumia kiswaswadu na hana mpango wa kubadilisha, akaniuliza kwa heshima zote, mwanangu, mimi korosho zangu nazipataje? Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko maelezo yote ya muuzaji. Wageni wanaokuja kwa siku moja tu ndio hata usiseme, mtu anakuja kwenye kikao cha saa tatu unamwambia apakue programu ili aweke begi. Halafu umeme ukakatika. Kitasa chenyewe kina betri, sawa, ila ruta haina, mpaka jenereta iwake na ruta iamke programu inakwambia kifaa hakipatikani. Nikampigia muuzaji, akanijibu bosi wangu subirini umeme urudi. Yaani begi la mtu, lenye dawa zake pengine, lisubiri umeme urudi!

Na betri zenyewe zilikwisha upesi, kwa sababu redio ya Wi-Fi inakula chaji hata kitasa kikiwa kimetulia, Bluetooth angalau inakula kidogo zaidi. Kikubwa kuliko vyote, kile kitasa kilikuwa kinauliza ruhusa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni yao, iliyo nje ya nchi kabla ya kufunguka kwa simu. Mnaikumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ikadorora nchi nzima? Mimi niliikumbuka. Nikamrudishia kitasa chake kikiwa kimefutwa vumbi, na korosho zilizobaki mama wa uhasibu akapewa zote.

Muuzaji wa pili akaja na kitasa cha alama za vidole. Hapa nilikasirika kwa kweli. Waliopanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole mpaka ile Januari 2020 wanajua kuna watu vidole vyao vinagoma, hasa wanaoshika sabuni, saruji na moto kila siku. Dada yetu wa usafi alijaribu kwenye sampuli mpaka akaona aibu akaondoka, na mimi sikupenda kabisa kuona mtu anaaibishwa na kabati. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, alama za vidole zimo kwenye taarifa nyeti, unatakiwa uwe na idhini ya mtu kwa maandishi. Sasa mimi nikusanye vidole vya wafanyakazi na wageni kwa ajili ya kulinda hotpoti? Muuzaji ananiambia eti kila mtu anafanya hivyo. Hiyo siyo sababu kaka yangu.

Muuzaji wa vitasa vya kadi naye nilimsikiliza. Kadi siyo mbaya, ila uliza ni ya aina gani, usikubali jibu la "ni za kisasa". Zile za masafa ya 125 kHz zinanakiliwa na kifaa cha bei ya kawaida tu, kijana wetu wa tehama alinakili ya muuzaji mbele yake wakati anaendelea kuongea. Na kadi za aina ya Mifare Classic, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Uholanzi walishaonyesha udhaifu wake tangu 2008, bado mtu anakuuzia kama dhahabu. Aina ya DESFire ndiyo salama zaidi, ila bei inapanda, na kadi inapotea kama ufunguo ulivyopotea.

Nilichokitaka mwishoni kilikuwa kitasa kinachomsahau mtu. Loka ya ofisi ya namna hii siyo ya fulani, ni ya yeyote kwa saa hizi chache, kwa hiyo vitasa vya namba vyenye hali ya matumizi ya pamoja ndivyo vyenyewe. Unaweka begi, unafunga mlango, unabonyeza namba 4 unazozitaka wewe, kinajifunga. Ukirudi unabonyeza zilezile, kinafunguka na kinazifuta, anayefuata anaweka zake. Hakuna programu, hakuna intaneti, hakuna jina la mtu. Mwenye kiswaswadu na mwenye simu ya mamilioni wako sawa. Namba 4 zinatoa michanganyiko 10,000 na kitasa kinagoma kwa muda ukikosea mfululizo, kwa begi la mchana kutwa inatosha sana. Muuzaji lazima umuulize kama kina hiyo hali ya pamoja, maana vingine vinafanana kwa sura ila vimetengenezwa kwa mtu mmoja wa kudumu, na ukivinunua utakuwa unazunguka kila siku kufuta namba za watu. Vyetu vilikuwa kati ya elfu hamsini na sabini hivi kimoja, vingine nikavipata kwa kubembeleza. Namba ya msimamizi ibadilishwe siku hiyohiyo, ile ya kiwandani imeandikwa kwenye kijitabu na kijitabu kipo mtandaoni.

Makabati yenyewe sikununua ya dukani. Kuna jamaa alitaka kutuuzia ya MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, yanapendeza, ila sakafu yetu inadekiwa kwa maji mengi na hewa ya bahari ipo, MDF ikinywa maji kwenye kingo inavimba mlango haufungi tena. Nikaenda Gerezani kwa wachomeleaji na maboksi ya kadibodi nimeyakata nyumbani vipimo tofauti, ndani yake begi, helmeti na hotpoti yangu. Fundi akacheka, dada umehama nyumba? Lakini ndipo tulipoona kwamba upana wa sentimita 30 unaouzwa kila mahali haufai, laptopu ya inchi 15.6 peke yake ina kama sentimita 36 kwa upana, bado begi. Tukaenda 40 upana, 45 kina, 40 urefu, helmeti inakaa juu ya begi bila kulazimisha.

Bati la milango chukua milimita 0.8 au zaidi. Na mkumbuke geji, ile namba ya unene wa bati, ikiwa kubwa bati ni jembamba, wengi wanauziwa kinyume. Mimi nilikuwa nafunga mlango wa mfano halafu navuta kona ya juu kwa vidole, nikiona ndani namrudishia fundi, maana mwizi hahangaiki na kitasa, anakunja kona. Tukainua makabati yote kwenye miguu, kutu inaanzia chini, na tukayafunga ukutani kwa bolti yasimwangukie mtu.

Ila ninachojivunia kuliko vyote ni mashimo. Fundi alitaka kutoboa duara kwa drili amalize. Nikakataa, shimo la duara kitasa kinazunguka nacho mwisho kinalegea. Nikamchorea shimo la milimita 19 lililobanwa pande mbili hadi 16, ambalo vitasa vingi vya kawaida vya funguo vinaingia na hivi vya namba nilivichagua viingie humohumo. Akanuna kidogo, akaenda akatengeneza kidude chake cha kugongea, milango yote ikatoka sawa kabisa, akaja akaipenda kazi yake mwenyewe. Faida yake ni kwamba kitasa cha namba kikifa leo, nachomoa, nachomeka cha funguo cha bei ndogo kutoka Kariakoo, loka inaendelea na kazi. Vimoja viwili vilishakufa na hakuna mtu aliyekosa pa kuweka begi. Droo yangu ina vya akiba muda wote.

Soketi za kuchajia ndani ya loka nilizikataa, betri ya lithiamu ikichajiwa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa joto halina pa kwenda, watu wachaji mezani. Matundu ya hewa kwenye milango tumeweka hata hivyo, kwa ajili ya hotpoti.

Jioni saa moja mlinzi na mtu wa mapokezi wanapita pamoja, kamwe siyo mmoja peke yake, wanafungua zilizobaki kwa namba ya msimamizi na kuandika daftarini kilichokutwa. Ijumaa nasimamia mwenyewe kwa sababu ya samaki, hotpoti isije ikasahaulika humo mpaka Jumatatu. Na betri nunueni alkalaini, zile za bei poa zinavuja zinakula vyuma vya ndani ya kitasa, na hakikisheni kitasa kina tundu la USB kwa nje, betri zikiisha na mtu anawahi mwendokasi unachomeka powabenki anabonyeza namba zake anaondoka na begi lake.