Njiti Ilipinda

Juzi jioni binti yangu aliniuliza bila kuinua macho kwenye simu: "Baba, wewe unavaa namba ngapi?"

Nikabaki nimeshika funguo. Kabatini mwangu kuna sandali namba 41, viatu vya ofisini 42 na raba 43, na zote navaa. Alikuwa amepata New Balance 574 za kijivu, anataka kunizawadia ziwe za kutembelea tu, na jinzi, maana siku hizi raba za kukimbilia za enzi zetu ndiyo habari ya mjini. Akanigeuzia simu. Ni zilezile. Herufi N ubavuni, soli nene kisiginoni, ngozi yenye malaika kama shavu la mtoto. Toleo la 1988 hilo, na mtu aliyelivaa zamani halimpotei.

Nilikuwa kidato cha pili. Mama alikuwa anatupima usiku tumelala, kwa njiti ya fagio la chelewa: kutoka kisigino hadi kidole kirefu, anaongeza upana wa gumba lake, anakata kwa wembe. Asubuhi njiti ndizo zinakwenda Mlango Mmoja, soko la mitumba pale Mwanza, zimefungwa na hela kwenye pindo la kanga, sisi tunabaki nyumbani. Mtoto akionekana sokoni bei inapanda, alisema. Jumamosi ile sijui nilimlilia vipi, nikaenda.

Raba zilikuwa juu ya turubai, zimeoshwa kwa sabuni ya unga, bado zinachuruzika. Ndani ya ulimi lebo ilisema US 7, UK 6.5, EU 40, na mwisho kabisa sentimita 25.

"Hiyo saba ya Marekani, ngosha," muuzaji akaniambia. "Saba ya kule ni kubwa."

Akanitandikia kipande cha boksi. Nikaingiza mguu. Gumba likagonga mbele, vidole vingine vikabanana kama dagaa kwenye kopo.

"Vipi?" mama akauliza.

"Zinanitosha."

"Tembea."

Nikatembea hatua nne, uso mkavu kama wa mtu anayepokea sakramenti. Muuzaji akainama, akabonyeza ncha ya raba. Mimi nimeshakunja vidole ndani, akakuta nafasi. "Unaona, mayu? Hata mwakani atavaa."

Mama hakumjibu. Alichuchumaa kwenye tope, akafungua pindo, akachomoa njiti yangu, ile yenye uzi mwekundu. Akaniambia nivue mguu mmoja. Aliamini njiti kuliko mdomo wangu, na hakukosea. Akaichomeka taratibu. Ilifika mbele ikagoma. Akaisukuma kisigino kiingie, ikapinda kama ufito wa mvuvi aliyenasa sato. Niliiona. Yeye akaniona nikiiona. Jirani yetu alikuwa ananadi mashati, chagua chagua, nami namsikia kama yuko ng'ambo ya ziwa. Mama akaitazama ile njiti, akanitazama mimi, akaichomoa, akaifunga palepale ilipokuwa.

"Mwisho shilingi ngapi?"

Elfu tisa ikawa elfu saba, kwa kauli moja. Huyu ni mama ambaye kwa fungu la dagaa pale Mwaloni huondoka mara tatu na kurudi.

Yaliyofuata ni mafupi. Magazeti yaliyoloweshwa yakalala ndani ya raba usiku baada ya usiku, fundi viatu akazivuta akachoka, kucha ya gumba ikawa nyeusi, ikang'oka. Mimi bado naapa zinanitosha. Shuleni zilisifiwa, siwezi kusema uongo. Mwezi wa sita nikasalimu amri, zikaenda kwa mdogo wangu. Zikamkaa kama amepimiwa yeye.

Hapo ndipo ninapokwama hadi leo. Aliona macho yangu akashindwa kuninyima? Alitaka kucha inifundishe? Au alipoitazama ile njiti alikuwa tayari anamuona mdogo wangu?

Binti alitandika karatasi, nikabana kisigino ukutani, akachora. Nilimwambia apime miguu yote miwili, na apime jioni hiyohiyo, maana mguu ukishashinda kutwa umesimama hujaa. Kushoto sentimita 26.5, kulia 27. "Fuata kulia," nikasema, "na usome sentimita. Hizo namba nyingine kila nchi ina zake."

Wakati anaandikiana na muuza duka, nikampigia mama.

"Njiti gani?" akasema. "Mimi nilikuwa nawakadiria kwa macho." Halafu akaniuliza kama mdogo wangu ameshapata kazi.

Nikarudi sebuleni. Binti anasema 42 na nusu zimekwisha, zimebaki 42 na 43, na jamaa anataka jibu sasa hivi. Nikamwambia asubiri kidogo.