Jakuzi kwenye bafu la masta, tuweke au tuache?

Nyumba yetu ya Mwahako, Tanga, imefika kwenye plasta, na aliyewahi kujenga anajua plasta ikiisha ndo ugomvi wenyewe unaanza, maana mpaka hapo mnakuwa mnahangaika na saruji na nondo, vitu visivyo na utamu wowote, ila mkifika finishingi kila mtu anatoa ndoto yake mfukoni. Ndoto ya Baba Nasra, mume wangu, ilikuwa jakuzi, lile beseni kubwa la kukaa ndani ukaoga.

Na sio jakuzi la kubahatisha, ni lile la kona, lenye matundu ya kupuliza maji na taa ya bluu kwa chini. Aliliona hotelini Zanzibar mwaka ule tulipoenda kupumzika, akakaa humo mpaka vidole vikakunjamana, na tangu siku hiyo ramani ya nyumba ilipochorwa yeye jicho lake liko kwenye bafu la masta tu. Jiko langu hakulitazama hata.

Mie kwa kawaida sipendi kukataa kitu kabla sijakipigia hesabu, kwa hiyo nikasema haya, tuanze na nafasi. Bafu letu ni futi 8 kwa 6. Jakuzi alilolitaka ni sentimita 150 kila upande, yaani futi 5 kwa 5. Nikachukua chaki nikalichora pale chini kwenye zege, nikamwambia mume wangu ingia, kaa. Akakaa na suruali yake ya kazini. Nikafungua mlango kwa mkono kama kuigiza maana mlango wenyewe bado haujawekwa, nikamwambia hapo nimekugonga mguu, na choo utakikalia ubavu. Fundi bomba anacheka. Baba Nasra akajibu mlango utafungukia nje. Sawa, hoja yangu ya kwanza ikafa hapohapo.

Ya pili nilidhani ndo silaha yangu: umeme. Nilijua kabisa luku itatumaliza. Hilo jakuzi linachukua kama lita 280 za maji, na maji yetu ya Tanga yanatoka bombani yako kwenye nyuzi 27 hivi, sasa kuyafikisha 38 ambayo ndo ya kukaa ukajisikia raha, unakula kama unit 3 na nusu. Unit tunanunua shilingi 350 na ushee, kwa hiyo ni kama 1,300 kwa kuoga mara moja. Jamani, chini ya sahani ya chipsi kavu! Nilirudia hesabu mara tatu nikitafuta nilipokosea, sikuona. Joto letu hili tunalolilalamikia kila Februari linasaidia maji yasianzie mbali, angekuwa mtu wa Lushoto ningemuelewa akilia. Nikanyamaza kimya siku mbili nzima sikumwambia.

Ila kulipia moto ni kitu kimoja, kuupata huo moto ni kingine. Zile hita za kwenye shawa za kilowati 5 na nusu zingechukua kama dakika 40 kujaza, na muda wote huo wewe unasubiri uchi. Hita ya kuhifadhi ya lita 50, hata ukiipandisha mpaka nyuzi 60 ukachanganya na ya baridi, inakupa lita 150 za maji ya moto vizuri, basi, nusu ya jakuzi. Kwa hiyo unahitaji hita ya lita 100, na hiyo sio ya kutundika tu popote ukutani. Hapo ndo niliona bei haikai kwenye jakuzi lenyewe, inakaa kwenye vitu vinavyolifuata nyuma kama wapambe wa bi harusi: hita kubwa, pampu ya kuongeza presha kwa sababu simtanki letu liko kwenye mnara mfupi, laini yake peke yake ya umeme kutoka kwenye mein, na RCD ya miliampia 30, yaani swichi inayokata umeme yenyewe ukivuja, ambayo hiyo hata msinishauri kuipunguza, maji na umeme ndani ya beseni moja na mwanangu yuko humo, siwezi. Fundi mmoja alituambia tuache, "hazihitajiki sana". Huyo hatukumuita tena.

Halafu maji. Simtanki letu ni lita 1,000, na kule kwetu kuna wiki bomba linakohoa upepo tu. Lita 280 ni ndoo 14. Mama yangu anaoga na ndoo moja na nusu, kata yake mkononi, na akitoka ananukia kuliko sisi sote. Nilipomwambia habari ya jakuzi aliuliza, "Sasa mwanangu, mnakaa humohumo kwenye taka zenu?" Nikamwambia ndiyo mama, unakaa. Akasema israfu, ataka kujua kama tunajenga nyumba au bwawa. Jirani yetu amechimba kisima akidhani ameyakomesha matatizo, kikatoa maji ya chumvi, hita yake imeliwa ndani ya muda mfupi sana, sasa pampu ya jakuzi na vile vibomba vyembamba vyake ningevilisha maji gani.

Vile vibomba ndo kitu ambacho muuzaji hasemi. Ukishamaliza kuoga ukafungua maji yaende, yapo yanayobaki ndani ya mabomba ya kupulizia, yamechanganyika na sabuni na ngozi yako, na kwa joto la pwani yanaota utelezi. Usipolisafisha kwa kulijaza maji ya moto na dawa ya kuua vijidudu ukaliwasha bila mtu ndani lizungushe, siku ukiliwasha tena linakutemea vipande vyeusi. Na pampu lazima iachiwe mlango wa kuifikia, sio kuzungushia tailizi kama kaburi, maana siku ikigoma fundi atavunja ukuta wako mzuri.

Na mafuta. Hapa wanawake wenzangu wa Tanga mtanielewa. Sisi bafu sio mahali pa kujimwagia maji ukakimbia, sisi tuna singo na liwa za kujisugua mwili, mafuta ya nazi, asumini. Jakuzi halitaki mafuta kabisa, linaziba, na sabuni ya mapovu ukiweka kijiko tu ukiwasha yale matundu povu linafika mlangoni. Sasa beseni la anasa ambalo haliruhusu singo, ni anasa ya nani hiyo?

Baba Nasra akaona anashindwa akaja na hoja ambayo kwa kweli ilinigusa. Akaniambia unajua asili ya hii kitu? Akina Jacuzzi walikuwa familia ya Waitaliano waliohamia California, watu wa pampu, walitengeneza hadi pampu za visima vya mashambani. Mmoja wao, Candido, mtoto wake mdogo alipata ugonjwa wa baridi yabisi wa viungo, akawa anapata nafuu hospitali akiwekwa kwenye maji yanayozungushwa, ndo baba yake akatengeneza pampu ya kutumbukiza kwenye beseni la nyumbani, mwaka 1956. Kwa hiyo, anasema, ni dawa hii, na mama yako magoti yanamsumbua, akija kwetu atakaa humo.

Nilikaa nikaifikiria hiyo usiku. Maana ni kweli mama maji moto yanamsaidia. Zamani baba alikuwa anampeleka Galanos, kule Amboni kwenye chemchemi zinazotoka ardhini na moto wake, harufu ya mayai viza ile, anarudi amelegea vizuri anasema leo nimekanyaga chini. Basi asubuhi nikampigia simu mume wangu akiwa kazini, nikamuuliza ukingo wa hilo jakuzi una urefu gani. Akasema sentimita 60. Nikamuuliza mama mwenye magoti yale anaruka sentimita 60 zenye utelezi kwa mbawa zipi? Na ana presha, kukaa kwenye maji ya moto muda mrefu halafu kusimama ghafla ndo kizunguzungu chenyewe. Kimya. Nikasikia tu kelele za foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, huko kazini kwake.

Hata hivyo sikutaka tumalize kwa mie kushinda na yeye kununa, nyumba ni yetu wote. Nikamuuliza swali moja, toka tuoane miaka 11 hii, umewahi kuoga zaidi ya dakika 5? Anaamka saa 11 alfajiri, anajimwagia, anaswali, kaondoka. Akirudi usiku anaoga tena haraka kwa sababu ya joto na anataka maji ya baridi, ya baridi jamani, mtu huyuhuyu. Akacheka mwenyewe. Akasema ile ya Zanzibar hatukuwa na watoto wala kazi kesho yake. Nikamwambia basi tutarudi Zanzibar tukakae kwenye la watu, wasafishe wao.

Kwa hiyo jakuzi hakuna. Tumeweka shawa pana, sakafu imelala moja bila kizingiti, kibaraza cha zege cha kukalia chenye upana wa futi moja na nusu, na chuma cha kushikia ukutani ambacho fundi alikichimbia kabla ya plasta kukauka. Hita ya lita 50 inatosha. Na pale kwenye ile kona ya chaki nimewekewa bomba fupi, urefu wa goti, la kujazia ndoo, kwa maombi maalumu ya mama ambaye kibaraza amekikubali ila shawa ameikataa, anasema inampiga kichwani kama mvua ya ugomvi. Maji ya bafu hilo hayaendi kwenye septiki, yanatoka na bomba lake mpaka kwenye migomba.

Jumamosi tunaenda kuchagua tailizi. Baba Nasra anataka nyeusi, zile za kung'aa. Nimeshanunua chaki nyingine.