Nilivyoacha kuishiwa nguvu baada ya kilomita 30

Kwenye Kilimanjaro Marathon pale Moshi, mlima wa kuelekea Mweka unakuja nusu ya pili ya mbio, wakati ghala la wanga mwilini limeshaanza kuonekana sakafu. Nilikuwa naongeza mazoezi kila mwaka na kila mwaka miguu inageuka magogo palepale. Kilichonitoa hapo ni mizani ya jikoni.

Nianze na hesabu. Kukimbia hula takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Nina kilo 62, kwa hiyo kilomita 42.2 zinanidai kama 2,600. Wanga tunaokula huwekwa akiba kama glaikojeni: mtu wa mwili wangu akishiba vizuri ana kama gramu 400 kwenye misuli na gramu 80 hadi 100 kwenye ini. Gramu moja ina kilokalori 4, kwa hiyo akiba yote haizidi 2,000. Na si yote inayotumika, kwa sababu misuli haina uwezo wa kurudisha glukosi yake, yaani sukari inayotoka kwenye akiba hiyo, kwenye damu. Akiba ya mkono haiukopeshi mguu. Ini peke yake ndilo hugawa.

Mafuta je? Gramu moja ina kilokalori 9, na hata mkimbiaji mwembamba amebeba makumi ya maelfu ya kilokalori. Shida ni kwamba mafuta huungua taratibu, na yanataka oksijeni zaidi kwa nishati ileile. Ukiwa tambarare kwa mwendo wa mazungumzo yanachangia sana. Ukianza kupanda na kuhema, mwili unahamia kwenye wanga. Wanga ukiisha unabaki na mwendo ambao mafuta yanauruhusu, yaani kutembea. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoacha wanga kabisa halafu wanataka muda mzuri wa marathoni. Protini nayo si kuni za mbio: mchango wake kwa kawaida ni asilimia chache tu, ingawa hupanda akiba ikikauka.

Siku mbili za mwisho kabla ya mbio nalenga gramu 8 za wanga kwa kila kilo ya mwili, kwangu kama 500 kwa siku. Si kiasi cha ajabu: wakimbiaji wa juu wa Kenya waliopimiwa chakula katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 walikuwa wanakula kama gramu 10 kwa kilo, ugali ukiwa mbele. Siku yangu moja huwa hivi: uji wa gramu 80 za sembe na gramu 40 za sukari (wanga kama 100), wali wa mchana na wa usiku, kila mlo gramu 150 za mchele (jumla 240), ndizi mbivu tatu (75), slesi nne za mkate na kijiko kikubwa cha asali (kama 70), na sukari ya chai vijiko vitatu vya chai kwa siku nzima (15).

Mchele na unga vipimwe vikiwa vikavu. Hapo ndipo wengi wanajidanganya: gramu 100 za wali ulioiva zina wanga kama 28 tu, kilichobaki karibu chote ni maji. Kosa langu kubwa lilikuwa chapati na nyama choma usiku wa kuamkia mbio. Chapati moja ya gramu 50 za unga inakupa wanga kama 37, lakini ikinyonya gramu 10 za mafuta umeongeza kilokalori 90 zinazokushibisha kabla hujafika kiwango. Dona na maharage ni chakula kizuri siku nyingine zote. Siku hizi mbili naviweka pembeni, maana nyuzinyuzi zake zitakutafutia choo kilomita ya 15.

Uzito utapanda kilo moja au zaidi. Usishtuke, kila gramu ya glaikojeni hukaa na maji kama gramu 3.

Asubuhi ya mbio naamka saa 9:30 usiku. Usingizi haugusi sana akiba ya misuli, ila ini limeulisha ubongo usiku kucha na limepungua. Nakunywa uji mwepesi wa sembe gramu 70, sukari gramu 40, na ndizi moja. Jumla ni kama gramu 120 za wanga, karibu gramu 2 kwa kilo. Sitii maziwa wala siagi ya karanga, kwa sababu mafuta hukawiza tumbo kumwaga.

Njiani nalenga gramu 60 kwa saa. Kinywaji changu ni maji lita 1, sukari gramu 60 (vijiko vitano vya chakula vilivyosawazishwa) na chumvi robo kijiko cha chai. Sukari ya kawaida ni nusu glukosi, nusu fruktosi, na hizo hupita milango tofauti kwenye utumbo, kwa hiyo hazisukumani. Niliwahi kutia gramu 150 kwenye lita ileile ili nibebe chupa chache. Sukari nzito hivyo inavuta maji kuingia utumbo badala ya kutoka, na matokeo yake ni tumbo kukata na kuhara. Asali au tende bila maji hufanya hivyohivyo. Tende zangu ndogo zina wanga kama gramu 6 kila moja. Nakula tano na kushushia maji mafunda kadhaa.

Naanza dakika ya 30, nikiwa sijahisi lolote, kisha kila nusu saa gramu 30. Ukisubiri miguu iwe mizito umechelewa: sukari inahitaji muda kutoka tumboni hadi kwenye misuli, na mlima haukusubiri.

Hili tumbo linafundishwa. Kwenye mbio ndefu za Jumapili nilianza na gramu 30 kwa saa, nikaongeza 10 kila baada ya wiki mbili hadi 60. Wiki za mwanzo utajisikia umejaa na kucheua. Ukiruka hatua hii, kinywaji kizuri kabisa kitakutapisha siku yenyewe. Na mwenye kisukari asinakili vipimo hivi bila daktari wake.

Vidonge vya vitamini vinavyouzwa kama vya nguvu sivitumii kwa kazi hii. Vitamini husaidia mwili kuchoma chakula. Zenyewe hazina kalori.

Baada ya mstari wa mwisho: ndani ya saa moja, nusu lita ya maziwa (protini kama gramu 16) na ndizi mbili, kisha wali maharage.

Lililobaki kunisumbua ni utamu. Baada ya saa tatu za kukimbia ulimi unakataa sukari hata kama mwili unaitaka. Siku hizi nabeba viazi mviringo vidogo vilivyochemshwa na kukolezwa chumvi, kwenye mfuko wa nailoni. Vinne vya gramu 40 kila kimoja vinatoa wanga kama 32, na kinywa kinavipokea.