Siku yangu ya Amsterdam–London, kwenda na kurudi mpaka mchana

Saa kumi na robo alfajiri alamu inalia. Nyie mnaosema wahudumu wa ndege tunakula bata tu, njooni mnione napiga pasi shati huku nasinzia. Saa kumi na mbili na dakika kumi niko Schiphol naripoti, uwanja wa ndege wa Amsterdam ambao uko mita kama 3 chini ya usawa wa bahari, maana hapa palikuwa ziwa mpaka lilipokaushwa 1852.

Saa moja na dakika kumi ndege inasukumwa nyuma. Kwa mstari ulionyooka mpaka Heathrow, uwanja wa London, ni kilomita kama 370, fupi kuliko Nairobi–Mombasa, na angani ni dakika 45 hivi, ila ratiba inahesabu muda wa saa moja na dakika 20 na watu wanadhani tunawapiga. Sasa leo tukapewa Polderbaan, ile ranwei (njia ya kurukia ndege) ya 2003 iliyo huko mashambani, ndege ikatembea chini robo saa nzima, ikapita darajani juu ya barabara kuu ya A5 magari yanakimbia chini yetu, jamaa mmoja wa dirishani akaniuliza kama London tunaenda kwa lami.

Tukisharuka ni mbio. Taa ya mikanda ikizimwa tu toroli iko njiani, sandwichi, kahawa, takataka, na hapo kapteni keshaanza kushuka. Kumwaga kahawa hapo ni kugusa tu.

Halafu Heathrow haikupokei hivihivi. Ranwei mbili kwa ndege zote zile, kwa hiyo tukaambiwa tuzunguke Lambourne, sehemu ya kusubiria angani kaskazini-mashariki ya jiji, ndege zimepangana juu kwa juu zikiachana futi 1,000, kila mzunguko dakika kama 4. Faida yake ukitua ukitokea mashariki na umekaa kulia, London yote unaiona bure, Thames na madaraja yake.

Saa mbili na dakika 20 za London tunageuza, saa nne na dakika 40 za Amsterdam tuko tena Schiphol. Ndizi moja, chai, basi.

Saa tano na dakika 40 tunaondoka tena kwenda London, na safari hii kuna mama wa Kitanzania ameunganisha kutoka Dar, kakesha angani usiku kucha. Nikamwamkia shikamoo mama, akashtuka kweli. "Marahaba mwanangu! Hebu niambie, tiketi inasema tunaondoka saa tano na dakika arobaini tunafika saa sita kamili. Dakika ishirini? Hii ndege au roketi?" Nikacheka, nikamweleza Uingereza iko nyuma ya Uholanzi kwa saa moja, kila tiketi inaandika saa za mahali pale. "Ahaa, kwa hiyo wakati wa kurudi watanidai hiyo saa." Watakudai mama, tena yote!

Kuna treni ya Eurostar pia ya moja kwa moja, kutoka London tangu 2018 na kutoka Amsterdam tangu 2020, mwendo wa saa nne hivi katikati ya jiji mpaka katikati ya jiji. Ukijumlisha foleni ya ukaguzi na pasipoti uwanjani, mimi binafsi ningepanda treni, ila msimwambie bosi.

Saa tisa na robo tumetua tena Schiphol, saa kumi kasorobo niko huru. Ratiba ya kesho imeingia kwenye simu: Düsseldorf, kilomita kama 180. Hapo ni maji tu, kahawa wanywe kwao.