Keekee kwanza, historia baadaye

Jumapili usiku. Mazungumzo na mafundi seremala kuhusu zana za kale yakianza na historia, watu husinzia. Chombo kitangulie mikononi mwao, na hapa Mombasa chombo hicho kwangu ni keekee, kifaa cha kutobolea mbao kinachozungushwa kwa uta.

Sehemu zake zitajwe moja moja, zikishikwa: uta wenye kamba; msukano, yaani mti wa mviringo unaobeba chuma; na jivu, yaani kishikio cha juu kinachotulia huku msukano ukizunguka ndani yake. Wazee wakiwemo, waachiwe wao wataje majina, maana vijana wengi hawajawahi kuyasikia. Ncha ya chuma hunolewa pande zote mbili kwa kuwa huzunguka kwenda na kurudi, tofauti na drili ya umeme. Seremala akiambiwa hivyo, huinama kuitazama mwenyewe.

Kamba izungushwe mara moja tu kwenye msukano. Ikilegea, huteleza, ikikazwa mno, msukano huruka. Anayekandamiza jivu kwa nguvu hukwamisha chuma, na mkono ukiyumba tundu hupanuka mdomoni. Jivu likianza kulia, tone la mafuta ya nazi hulinyamazisha. Keekee moja itoshe watu wanane. Wakizidi hapo, wa nyuma hawaigusi.

Mbao ziwe za mbambakofi, unene wa inchi 1. Msonobari haufai kwa somo hili, ni laini, hupokea msumari bila kulalamika. Pigilia msumari wa inchi 3 karibu na ukingo wa mbambakofi bila kutoboa: ubao hupasuka kufuata nyuzi zake. Kisha toboa tundu jembamba kidogo kuliko msumari, upigilie tena. Hapo kila mtu huelewa kwa nini waunda majahazi walitoboa kwanza, wakauviringishia msumari pamba iliyolowa mafuta chini ya kichwa ili maji yasipenye.

Tezo, chombo cha kuchongea mbao, haipitishwi mkono kwa mkono. Bapa lake limekaa kama la jembe na hukata kuelekea mguuni, basi atumie mmoja, wengine wasimame hatua tatu nyuma. Mpini wa zamani, hata ukiwa umelika, usibadilishwe kwa ajili ya maonyesho: pale ulipolika ndipo mkono wa fundi ulipokaa.

Muda ukibaki, twendeni Mji wa Kale tukatazame mfaa, ule mti wa kati uliopigiliwa kwenye ubawa mmoja wa mlango kufunika kiungo. Kila anayefika huanza kutafuta misumari ilipoingilia.